“Mjomba, simu inanishinda”: Jinsi ya kuchagua programu ya kukusimamia bila kuianika nyumba yako

Alikuja Jumamosi jioni, nimeketi barazani na kikombe cha kahawa. Mpwa wangu ni wakala wa pesa za simu maeneo ya Ngamiani, jijini Tanga, na saa zile za kuelekea magharibi ndizo za wateja wake wengi. Nikashangaa kumwona ameacha kibanda. Akaniamkia, nikaitikia, akaketi pembeni yangu akawa anachezea funguo zake.

“Mjomba,” akasema baada ya kimya kirefu, “simu inanishinda.”

Nikadhani imeharibika, nikaanza kumwelekeza kwa fundi. Akatikisa kichwa. Ilikuwa habari ya kubeti. Mikeka ya mpira ilikuwa imekula floti yake mara mbili ndani ya miezi mitatu, na mara zote mbili alikopa kuirudisha kabla mkewe hajajua. Kisha, macho yakiwa chini, akalitaja la pili: picha za ngono anazozitazama usiku wa manane wenzake wakiwa wamelala. Ameapa kuacha mara nyingi, na kila mara kiapo hakikumaliza wiki.

Alikuwa amesikia kwamba kuna programu unayoiweka kwenye simu, halafu kila unachokifungua kinamfikia mtu mmoja uliyemchagua mwenyewe. Ukijua kuna anayeona, mkono unasita. “Nimekuchagua wewe, mjomba,” akasema.

Kwetu pwani, lile lisilosemeka mbele ya baba hupelekwa kwa mjomba. Nikakubali palepale, kwa moyo mweupe, na sikuuliza hata swali moja kuhusu hiyo programu: inachukua nini, inakipeleka wapi, nani mwingine anakiona. Makala haya nayaandika kwa sababu ya maswali yale ambayo sikuuliza.

Agano la macho

Programu za namna hii huitwa programu za uwajibikaji, na asili yake ni makanisa ya Marekani. Mashuhuri kuliko zote ni Covenant Eyes, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Ron DeHaas katika jimbo la Michigan. Jina lake maana yake ni agano la macho, na limetoka katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 31, pale Ayubu anapoeleza agano alilofanya na macho yake. Baadaye zikaja nyingine nyingi, kama Accountable2You, Ever Accountable na Truple. Nyingi hulipiwa kila mwezi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mtu anayeacha pombe humtafuta mwenzake wa kumshika mkono. Mwenye madeni humwomba dada yake amtunzie hela. Udhaifu ukifichwa hunenepa, na ukiwa na mtu mmoja wa kuutaja mbele yake hupungua nguvu. Mtu yeyote aliyepata kupambana na tabia iliyomzidi anajua hivyo, na programu imechukua busara hiyo ikaiingiza kwenye simu.

Tatizo linaanzia kwenye namna ilivyoingizwa. Miaka ya mwanzo programu hizi ziliandika tu orodha ya tovuti ulizozitembelea na kumtumia mwenza wako. Simu zikabadilika: watu wakaacha kutembelea tovuti, wakahamia kwenye programu zenye dunia yake ndani, na orodha ya tovuti ikawa haisemi kitu. Covenant Eyes ikageukia picha za skrini mwaka 2019: programu inaipiga picha skrini yako mara kwa mara, mashine inazichambua, zinatiwa ukungu, kisha zinapelekwa. Nyingine zikafuata njia hiyohiyo, kila moja na utaratibu wake, na si zote zilizotia ukungu.

Methali inasema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa programu hizi, kata iliyoingia mtungini ni ya mtu usiyemjua, na huchota usiku na mchana.

Yaliyotokea Marekani

Septemba 2022 jarida la Marekani la Wired lilichapisha uchunguzi juu ya programu hizi. Ndani yake mlikuwa na habari za kijana aliyekuwa muumini wa kanisa moja huko California. Kiongozi wake alimtaka aweke Covenant Eyes kwenye simu, na haukupita muda mrefu akaanza kupokea barua pepe za kumhoji juu ya alichokitazama. Aliyekusudiwa kuwa rafiki akageuka mpelelezi.

Jarida hilo lilipoiuliza Google, Covenant Eyes na Accountable2You ziliondolewa kwenye duka la Google Play. Sababu ilikuwa ya kiufundi, lakini kila mwenye simu ya Android anafaa aielewe, kwa kuwa inagusa mambo mengi kuliko hili.

Ndani ya Android kuna huduma inayoitwa ufikivu. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu: asiyeona asomewe kilichopo kwenye skrini, asiyeweza kubonyeza aiendeshe simu kwa njia nyingine. Ili ifanye kazi hiyo, ni lazima iruhusiwe kusoma karibu kila kinachopita kwenye skrini, yaani ujumbe, majina, salio, hata maneno unayoyaandika. Programu iliyopewa ruhusa hiyo imekabidhiwa funguo za vyumba vyote, hata kama ilisema inataka kuchungulia sebuleni tu. Wezi wa akaunti za benki nao huitafuta ruhusa hiyohiyo. Google iliona kwamba programu zile zilikuwa zinaitumia huduma ya walemavu kufuatilia watu, na hilo sera yake hairuhusu.

Januari 2023 Wired likaandika tena, safari hii habari za Indiana. Mshtakiwa mmoja alipewa dhamana, na Covenant Eyes ikawekwa kwenye vifaa vya familia yake ili ijulikane akiingia mtandaoni. Programu ikaripoti kwamba simu moja ya nyumba ile imegusa tovuti ya ngono, na mshtakiwa akarudishwa jela. Masharti ya kampuni yenyewe hayakuruhusu programu itumike kwa kazi ya namna hiyo. Tena kivinjari cha simu huweza kukiamsha chenyewe kilichofunguliwa siku za nyuma, bila mkono wa mtu kukigusa. Ripoti ya mashine ni dokezo tu. Ikichukuliwa kama ushahidi inaweza kumfunga mtu.

Na yapo maafa ya upande wa pili, pale taarifa zinapomwagika. Mei 2018 iligundulika kwamba TeenSafe, programu ya Marekani ya wazazi kufuatilia simu za watoto, ilikuwa imeacha seva zake wazi kwenye intaneti. Barua pepe za wazazi, akaunti za Apple za watoto na nywila za akaunti hizo zilisomeka waziwazi, na rekodi zilizokutwa zilizidi 10,000. Baya zaidi, ili TeenSafe ifanye kazi ilimtaka mzazi azime ulinzi wa hatua mbili kwenye akaunti ya mtoto. Mzazi aliyetaka kumlinda mwanawe ndiye aliyeliacha komeo wazi. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliipiga marufuku kampuni ya SpyFone kufanya biashara ya ufuatiliaji kabisa, baada ya kuona inauza programu za kumpeleleza mtu kwa siri na kuzilinda vibaya taarifa ilizozivuna.

Ripoti ya Jumatatu

Ripoti ya kwanza ya mpwa wangu ilinifikia kwa barua pepe Jumatatu asubuhi, nikiwa kwenye daladala. Programu aliyoichagua ilikuwa ya majaribio ya bure, ya kampuni ya ng’ambo. Nikaifungua.

Juu kabisa palikuwa na alama nyekundu ya onyo. Nikashtuka, nikaibonyeza. Ilikuwa picha ya mabondia wawili vifua wazi, habari ya pambano la wikiendi. Nikateremka chini. Kampuni za kubeti alizoniambia, zile zilizokula floti yake, hazikuwa na alama yoyote. Mashine ilikuwa imefundishwa kuogopa ngozi, haikufundishwa kuogopa mkeka. Hasara iliyomleta barazani kwangu ilikuwa inaipita mbele bila kuitambua.

Nikaendelea kuteremka. Kukaja picha ndogondogo za skrini yake, moja baada ya nyingine, za saa zote za kazi. Katika moja ulionekana ujumbe wa muamala: jina kamili la mama mmoja, namba yake ya simu na kiasi alichotoa. Chini yake mwingine, na mwingine. Watu waliokwenda kibandani kutoa hela ya ada au ya msiba walikuwa wamelala ndani ya barua pepe yangu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Kisha nikaona maneno aliyokuwa ameyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia, saa nane za usiku. Alikuwa anatafuta habari za uzazi kwa wanaume, na hospitali wanazopima.

Nikaizima simu. Nilijiona kama mtu aliyesukuma mlango wa chumba cha wenyewe. Mpwa wangu ana miaka minne ya ndoa, na hilo ni jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu. Aliniomba nimsimamie kwenye mambo mawili. Mimi nimeonyeshwa la tatu ambalo hakunipa, na la nne ambalo halikuwa lake kunipa.

Jioni nikamwita nikamweleza nilichokiona, chote, kwa sababu niliona kunyamaza kungekuwa wizi. Alinyamaza kitambo. “Hilo la hospitali,” akasema, “nilikuwa nije nikwambie mwenyewe.”

Maneno hayo nimekaa nayo sana. Uwajibikaji unajengwa na neno hilo, mwenyewe. Mtu anapolileta jambo lake kwa mdomo wake, anapata nguvu juu yake. Likiletwa na mashine kabla hajawa tayari, amenyang’anywa nafasi ya kulisema, na kesho atatafuta simu ya pili ya kujifichia.

Siri si ya mtu mmoja

Tunapozungumzia faragha tunadhani ni mali ya mwenye simu, aamue mwenyewe kuitoa au kuishika. Simu ya wakala haiko hivyo. Wala ya mwalimu, ya muuguzi, ya mzee wa kanisa au ya katibu wa vikoba. Ndani yake mna watu.

Sisi wa Afrika Mashariki somo hili tumelisoma kwa machozi, kupitia mikopo ya mtandaoni. Unapakua programu, inaomba kusoma orodha ya majina, unabonyeza “ruhusu”. Ukichelewa kulipa, wakwe, bosi na jirani wanapigiwa simu wakidaiwa deni lako. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza kampuni ya Mulla Pride, mwenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kupitia watu wengine kutuma vitisho na kupiga simu za usumbufu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Mlango waliopitia wakopeshaji hao ni ule ule: ruhusa iliyotolewa haraka na mtu mwenye shida.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Kenya ina yake ya mwaka 2019, Uganda vilevile. Sheria hizi zinabana zaidi kampuni na taasisi kuliko mjomba na mpwa wake. Hata hivyo misingi yake inaingia nyumbani bila kubisha hodi. Chukua kwa sababu inayojulikana. Chukua kiasi kinachotosha sababu hiyo, usizidishe. Usikae nacho kuliko kinavyohitajika. Mwenye taarifa ajue nani anayo. Ukiipima programu yoyote ya uwajibikaji kwa misingi hiyo minne, nyingi zinaanguka kwenye ule wa pili.

Kengele, daftari au dirisha

Baada ya kuiondoa programu ile, nilikaa majuma kadhaa nikisoma sera za faragha na kuuliza vijana wanaotengeneza programu. Nimezigawa hizi zana katika makundi matatu, na naamini mgawanyo huu utamsaidia yeyote anayetaka kuchagua.

Kundi la kwanza ni kengele. Inazuia, au inalia, bila kusimulia. Mfano mzuri ni kichujio cha anwani za tovuti. Simu yako kila inapotaka kufungua tovuti, kwanza huuliza anwani yake kwa mfumo maalumu unaoitwa DNS, kama mgeni anayeuliza njia. Kichujio hukataa kuelekeza njia ya kwenda kwenye tovuti chafu. Aprili 2020 kampuni ya Cloudflare ilitoa huduma ya namna hiyo kwa familia, bure, kwa anwani 1.1.1.3. Kwenye simu ya Android kuanzia toleo la 9, unaingia kwenye mipangilio ya mtandao, unatafuta DNS ya faragha, unaandika family.cloudflare-dns.com, basi. Mtoa huduma anaona majina ya tovuti unazouliza. Haoni ujumbe wako, picha zako wala salio lako, na hakuna ripoti inayokwenda kwa mtu. Upungufu wake nao tuuseme: haizuii kubeti, haingii ndani ya mitandao ya kijamii, na anayetaka kuizima anaizima.

Kundi la pili ni daftari. Linaandika ulichofanya: umetumia programu gani, kwa saa ngapi, umefungua tovuti gani. Swali kubwa hapa ni daftari linakaa wapi. Simu nyingi za Android zina sehemu iitwayo Nidhamu Dijitali, na iPhone tangu mwaka 2018 zina Screen Time. Zote zinahesabu saa na kuweka mipaka bila kumhitaji mtu wa tatu. Kwa kompyuta ipo ActivityWatch, programu huria ambayo kumbukumbu zake hubaki kwenye mashine yako mwenyewe. Daftari la namna hii humfikia mwenza wako kwa njia moja tu: wewe kulifungua mbele yake.

Kundi la tatu ni dirisha. Hizi ndizo za picha za skrini na za kusoma kila kitu. Sisemi hazina kazi kabisa. Yupo mtu aliyeshikwa vibaya, aliyejaribu mengine yote, anayeishi peke yake na simu isiyo na siri za watu, akaamua kwa akili timamu kuwa anataka dirisha kwa miezi mitatu. Huo ni uamuzi wake. Ila aanze na kengele, kisha daftari, na dirisha liwe la mwisho, kama mgonjwa asivyoanza na upasuaji.

Maswali ya kuuliza kabla ya kubonyeza “ruhusu”

Inachukua nini hasa? Sera ya faragha isiyotaja kwa majina vitu inavyovichukua imekujibu tayari. Tafuta maneno ya picha za skrini, vitufe unavyobonyeza, mahali ulipo na orodha ya majina. Programu ya kukuzuia picha za ngono haina haja na mahali ulipo.

Uchambuzi unafanyika wapi? Programu inayochambua ndani ya simu yako na kutuma matokeo tu ni salama kuliko inayosafirisha picha kwanza ndipo ichambue huko iendako. Na kwa sisi tunaonunua bando, picha za skrini zinazopanda kila dakika chache ni gharama ya kila siku.

Nani ana ufunguo? Kampuni ikisema taarifa zako zimesimbwa, uliza kama yenyewe inaweza kuzifungua. Ikiwa inaweza, basi mfanyakazi wake anaweza, na mwizi atakayeingia kwake anaweza.

Zinakaa siku ngapi? Mwenza wako anahitaji kuijua wiki hii. Hakuna anayehitaji kuijua wiki hii miaka mitano ijayo. Tafuta idadi ya siku iliyoandikwa, na namna ya kufuta akaunti na kila kilichomo.

Inajificha? Programu ya uwajibikaji inaonekana: ina alama yake kwenye skrini na inakukumbusha kwamba ipo. Inayojisifu kwamba mwenye simu hataigundua ni ya upelelezi, hata ikijiita ya ndoa au ya malezi. Aliyeiweka kwa siri kwenye simu ya mwenzi wake hajajenga uwajibikaji, amemtegea mtego mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Inakula kwa nani? Kuendesha seva ni gharama, na kama hulipi wewe basi yupo anayelipa. Soma kama taarifa zinagawiwa kwa watangazaji.

Unatokaje? Programu nzuri inaweza kumjulisha mwenza wako kwamba umeiondoa, na hilo ni sawa. Ndiyo kengele yenyewe. Programu inayokufungia nje ya simu yako mwenyewe imevuka mpaka.

Swali la mwisho halihusu programu: mwenza wako ni nani? Asiwe mwajiri wako, asiwe anayekudai, asiwe mwenye mamlaka ya kukutoa kwenye nafasi yako. Kijana wa California yalimpata yaliyompata kwa sababu msimamizi wake alikuwa pia kiongozi wake. Chagua mtu ambaye anguko lako halimpi faida yoyote, ambaye naye yuko tayari kukwambia lake.

Kwa watoto mizani inabadilika na umri. Mtoto wa miaka minane anahitaji uzio, na mzazi ndiye anayeujenga. Wa miaka kumi na sita anahitaji kuelezwa uzio uko wapi na kwa nini, na kuachiwa ujumbe wake na rafiki zake. Ukimsomea kila neno mpaka siku ya kuondoka nyumbani, atatoka hajawahi kujisimamia hata siku moja.

Tulichokifanya sisi

Tulinunua daftari la shule. Ukurasa wa kwanza mpwa wangu aliandika kwa mkono wake mambo mawili anayotaka kusimamiwa, na chini yake mambo ambayo si yangu kuyauliza. Mkewe, biashara yake na afya yake vikaingia orodha ya pili. Tukaweka muda: miezi sita, kisha tunakaa upya.

Laini ya uwakala akaihamishia kwenye kitochi, simu ya vitufe isiyojua mkeka wala picha. Wateja wake wakatoka kwenye hatari kwa siku moja, na yeye akabaki kazini bila kishawishi mfukoni. Kwenye simu kubwa tukaweka kichujio cha DNS. Programu za kubeti akazifuta mbele yangu. Saa nne usiku simu kubwa inabaki sebuleni ikichajiwa, na chumbani kunaingia kitochi peke yake. Hakuna kilichohitaji kadi ya benki wala seva ya ng’ambo.

Kila Jumamosi jioni anakuja barazani. Anafungua Nidhamu Dijitali kwa kidole chake mwenyewe, ananionyesha saa za wiki, kisha anaiweka simu chini na tunazungumza. Simu inachukua dakika mbili. Mazungumzo wakati mwingine yanafika isha.

Jumamosi ya tano alikuja mapema. Akaniamkia, akakaa, na safari hii hakuchezea funguo.

“Mjomba, Jumanne nimeanguka.”

Saa za kwenye simu zilikuwa za kawaida, na kichujio hakikuwa kimeguswa. Alitumia simu ya rafiki yake. Hakuna programu duniani ambayo ingenijulisha. Nikamuuliza siku hiyo ilianzaje. Akaniambia kwamba asubuhi kuna mteja alimlipa kwa noti bandia, jumla yake shilingi elfu hamsini, akaona aibu kumwambia mkewe, akawaza kuirudisha hela kwa mkeka mmoja wa haraka. Yote mawili, mikeka na picha za usiku, yanaanzia hapo, akasema, pale anapoona aibu kurudi nyumbani na hasara.

Nikalichukua daftari nikampa kalamu. Akaandika tarehe, na mbele yake akaandika maneno mawili: noti bandia. Kisha akaomba kahawa.